Uzi: Mahakama ya Juu ya Marekani huchagua kesi zake yenyewe, na sisi wa Lubumbashi tuanze kutazama chini

Mwanzilishi wa uzi, Lubumbashi

Wazee wangu na ndugu zangu, tangu kesi ya watoto waliokufa au kujeruhiwa katika machimbo ya kobalti ya Kolwezi, hapa kwetu Congo, ilipofikishwa katika mahakama za Washington, nimekuwa nikisikia watu wengi wa mji huu wakisema kwamba ikifika kule juu kabisa, haki itapatikana. Sidharau tumaini hilo hata kidogo, kwa sababu linatoka kwa watu ambao watoto wao wamefukiwa na udongo mashimoni. Hata hivyo naona ni wajibu kueleza jinsi mahakama hizo zinavyofanya kazi hasa, kwani mtu asiyejua mlango ulipo anaweza kupoteza miaka yote akigonga ukuta. Hoja yangu katika uzi huu ni moja: kesi huponea au hufia katika mahakama ya kwanza, na mahakama ya juu kabisa, iwe ya Marekani, ya Kanada au ya kwetu, kwa kawaida hurekebisha sheria, haitafuti upya ukweli wa mambo yaliyotokea.

Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayoishi sambamba. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina mahakama zake, kuanzia za wilaya mpaka mahakama ya juu ya jimbo, na sehemu kubwa kabisa ya kesi za nchi hiyo, yaani talaka, mirathi, wizi, mauaji, mikataba na ugomvi wa viwanja, huanzia humo na kuishia humo. Pembeni yake kuna mahakama za shirikisho, ambazo hushughulikia sheria za taifa, katiba, ugomvi kati ya watu wa majimbo tofauti wenye thamani kubwa, na kesi ambazo serikali ya taifa yenyewe ni upande mmojawapo. Mahakama hizo za shirikisho zina ngazi tatu. Chini kuna mahakama za wilaya 94, zenye zaidi ya majaji 600, na humo ndimo mashahidi wanamosikilizwa, nyaraka zinamokaguliwa na baraza la wananchi wanaoamua ukweli wa kesi (jury) linamoketi. Katikati kuna mahakama za rufaa 13, ambazo kwa kawaida huamua kwa jopo la majaji watatu na hazisikilizi shahidi. Husoma kumbukumbu za kesi na hoja za mawakili, basi. Juu kuna Mahakama ya Juu yenye majaji tisa.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba Mahakama hiyo ya Juu hailazimiki kupokea karibu kesi yoyote. Anayeshindwa katika rufaa hupeleka ombi la kusikilizwa ndani ya siku 90, na majaji huamua faraghani. Majaji wanne kati ya tisa wakikubali, kesi inaingia. Wasipofika wanne, hukumu ya rufaa inabaki ilivyo. Katika miaka ya karibuni maombi yamekuwa kati ya 4,000 na 7,000 kwa mwaka, na zile zinazosikilizwa kwa hoja kamili ni takriban 60. Mwaka wao wa kazi huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na hukumu nzito mara nyingi hutoka mwishoni mwa Juni. Kwa kawaida kila upande hupewa nusu saa ya kusimama mbele ya majaji, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo huliwa na maswali ya majaji wenyewe.

Sasa turudi Kolwezi. Mwezi Desemba 2019, familia za watoto waliouawa au kujeruhiwa katika uchimbaji wa kobalti zilifungua kesi katika mahakama ya wilaya ya Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla, zikitegemea sheria ya Marekani inayowalinda waathirika wa biashara ya watu na kazi za kulazimishwa. Novemba 2021 jaji wa wilaya aliitupa kesi hiyo. Machi 2024 mahakama ya rufaa ilithibitisha uamuzi huo, ingawa kwa njia ambayo inafaa kusomwa kwa makini: ilikubali kwamba familia hizo zina haki ya kufika mbele yake kudai fidia, lakini ikasema kwamba kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu wa wauzaji wa dunia nzima hakutoshi kuyafanya makampuni hayo kuwa washiriki wa shughuli moja na wale waliowatumikisha watoto.

Angalieni kilichotokea. Kesi iliangushwa kwa kusoma hati ya mashtaka peke yake, kabla haijafika hatua ambapo kampuni ingelazimishwa kutoa barua zake za ndani, kabla shahidi yeyote kutoka Lualaba, mkoa wa Kolwezi, hajasimama kuulizwa. Hakuna aliyesema kwamba watoto hawakufa. Lililoamuliwa ni kwamba maelezo yaliyoandikwa kwenye hati, hata yakichukuliwa yote kuwa kweli, hayakutimiza masharti ya sheria iliyotajwa.

---

Mwanafunzi wa sheria, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Shikamoo Papa, na asante kwa uzi. Nina maswali mawili. La kwanza: Mahakama ya Juu ikikataa ombi, je, hiyo ni sawa na kusema kwamba mahakama ya rufaa iliamua vizuri? La pili: majaji wanne wanatumia kipimo gani kuchagua kesi 60 kati ya maelfu? Darasani tunafundishwa kwamba mahakama haiwezi kukataa kuamua, na kwetu hakimu anayekataa kutoa haki anatenda kosa.

---

Mwanzilishi wa uzi, Lubumbashi

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako yanagusa kiini.

Kukataa ombi si hukumu juu ya ubora wa kesi. Mahakama yenyewe imelisema hilo mara nyingi, na kwa kawaida hukataa kwa sentensi moja bila sababu. Pande zote mbili zinabaki na hukumu ya rufaa, ambayo ni sheria katika eneo la mahakama ile ya rufaa tu. Ndiyo maana kipimo kinachopewa uzito mkubwa kuliko vyote ni mgongano: ikiwa mahakama ya rufaa ya San Francisco imeielewa sheria fulani kwa namna moja na ile ya New York kwa namna nyingine, Mahakama ya Juu huingilia ili sheria moja ya taifa isiwe na maana mbili. Kosa la kawaida la hakimu, hata likiwa limemwumiza mtu mmoja sana, mara nyingi halitoshi. Hili linauma kulisikia, lakini mtu anayeandaa kesi anapaswa kulijua siku ya kwanza.

Unaposema kwamba hakimu hawezi kukataa kuamua, kwao pia kanuni hiyo ipo katika ngazi za chini: mahakama ya wilaya haina ruhusa ya kuisukuma pembeni kesi iliyo ndani ya uwezo wake kwa kuwa inachosha. Uhuru wa kuchagua umepewa ngazi ya juu peke yake, na hasa tangu sheria ya mwaka 1925 iliyopunguza sana kesi ambazo Mahakama ya Juu ililazimika kuzisikiliza.

Mfano wa Kilwa, ile ya kwetu Congo, unalifafanua hili kuliko maneno yangu. Wenzetu wa Haut-Katanga wanakumbuka Oktoba 2004, jeshi la taifa lilipouteka tena mji ule kutoka kwa kikundi kidogo cha waasi, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaripoti vifo vya watu zaidi ya 70. Magari na ndege za kampuni ya madini iliyokuwa ikichimba karibu na hapo zilitumiwa na wanajeshi. Mahakama ya kijeshi iliyoketi hapa Lubumbashi ilitoa hukumu mwaka 2007, na wafanyakazi wa kampuni hiyo walioshtakiwa waliachiwa huru. Waathirika wakaelekea Kanada, kwa kuwa kampuni ilikuwa na ofisi Montreal. Mwaka 2011 jaji wa kwanza wa Québec alikubali kuisikiliza kesi. Januari 2012 mahakama ya rufaa ya Québec ikamgeuza: ofisi ile ya Montreal ilifunguliwa baada ya mauaji, ikasema, na haikuthibitishwa kwamba waathirika hawakuwa na mahakama nyingine popote duniani. Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa ombi la rufaa, bila kueleza sababu, kama ilivyo desturi yake.

Kwa hiyo miaka minane baada ya mauaji, mahakama za Kanada zilikuwa zimejadili mlango tu. Hakuna jaji wa Kanada aliyewahi kupima kama kampuni ilikuwa na hatia au la. Ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliyoitaka serikali ya Congo iwalipe waathirika dola milioni 2.5.

---

Mama wa Katuba

Papa, nimekusoma vizuri. Mimi si mtu wa sheria, ni mfanyabiashara, lakini nataka kuelewa jambo moja. Inasemekana majaji wa Marekani hukaa kwenye kiti mpaka kufa. Wetu wa Mahakama ya Katiba wana miaka tisa. Nani anamlinda mwananchi vizuri zaidi: jaji asiyeogopa kufukuzwa kamwe, au jaji anayejua kwamba siku moja atarudi nyumbani kuishi pamoja nasi? Na kwa nini wote wawe tisa, wao na sisi?

---

Mwanzilishi wa uzi, Lubumbashi

Mama, swali lako ni zito kuliko mengi niliyoyasoma kwa wanasheria.

Katiba ya Marekani ya 1787 inasema majaji wa shirikisho watabaki kazini wakiwa na mwenendo mwema, na mishahara yao haiwezi kupunguzwa wakiwa kazini. Rais huteua, Baraza la Seneti huidhinisha, na baada ya hapo njia ya kumwondoa jaji kwa nguvu ni mashtaka ya Bunge na hukumu ya Seneti kwa theluthi mbili. Jaji mmoja tu wa Mahakama ya Juu amewahi kushtakiwa hivyo, Samuel Chase, mwaka 1804, na mwaka uliofuata Seneti ilimwachia. Si kila anayeketi katika mahakama za shirikisho ana ulinzi huo: majaji wa kesi za kufilisika huteuliwa kwa miaka 14, na mahakimu wasaidizi wa mahakama za wilaya kwa miaka minane.

Idadi ya tisa haimo katika katiba yao. Iliwekwa na Bunge, na imebadilika mara kadhaa: sita mwaka 1789, saba mwaka 1807, tisa mwaka 1837, kumi mwaka 1863, kisha sheria ya 1866 ikaanza kuipunguza kuelekea saba, na mwaka 1869 ikarudi tisa. Rais Franklin Roosevelt alijaribu mwaka 1937 kuongeza majaji ili apate mahakama inayokubaliana na mipango yake ya uchumi, naye alikuwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo. Hata hivyo Seneti, iliyojaa watu wa chama chake mwenyewe, ilimkatalia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapoona ulinzi ulipo kweli. Maneno ya katiba yalimruhusu. Waliomzuia ni wanasiasa wa upande wake walioona kwamba mahakama inayoweza kuongezwa viti kila rais anapokasirika haitakuwa mahakama tena.

Lakini kiti cha maisha kina gharama yake, nami sitaki kuifunika. Kwa kuwa nafasi hutokea kwa kifo au kustaafu, kila nafasi imekuwa vita. Mwaka 2016 Seneti, iliyoshikwa na chama cha Republican, ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland, aliyeteuliwa na Rais Obama, kwa hoja kwamba uchaguzi ulikuwa karibu. Mwaka 2020 Seneti ya chama kilekile ilimwidhinisha Amy Coney Barrett siku chache kabla ya uchaguzi. Clarence Thomas yumo tangu mwaka 1991. Mtu anaweza kuteuliwa na rais ambaye wajukuu wa wapiga kura wake ndio watakaoishi chini ya hukumu zake.

Kwetu, katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliivunja Mahakama Kuu ya zamani ikapata tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasio (inayokagua kama hukumu za chini zilifuata sheria) na Baraza la Dola (mahakama ya juu ya kesi za utawala). Majaji tisa wa Mahakama ya Katiba wote huteuliwa na Rais, ila watatu kwa hiari yake mwenyewe, watatu kwa kuchaguliwa na Bunge lote likikaa pamoja, na watatu kwa kuchaguliwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Muhula ni miaka tisa usiorudiwa, na theluthi hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu. Kwenye karatasi naona mpango huu ni bora kuliko wa Marekani, kwa sababu jaji hana muhula wa pili wa kuubembeleza, na hakuna rais anayejaza viti vyote kwa bahati ya vifo.

Tatizo letu liko mahali pengine, Mama. Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba haina uwezo wa kumhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, kwa mambo ya wakati wa uwaziri wake. Mwaka 2022, baada ya baadhi ya majaji kubadilika, mahakama ileile ilisema kwamba uwezo huo inao, na Mei 2025 ikamhukumu miaka kumi ya kazi za lazima. Sisemi lolote juu ya hatia yake. Nasema kwamba mahakama ambayo hukumu zake hazikatiwi rufaa ikigeuka baada ya takriban mwaka mmoja juu ya swali lilelile, wananchi watauliza ni sheria iliyobadilika au ni watu. Wamarekani wanaulizana hivyo hivyo tangu mwaka 2022, mahakama yao ilipofuta hukumu ya 1973 kuhusu uavyaji mimba.

---

Kijana wa Bukavu

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, naheshimu kazi uliyoifanya, lakini sikubaliani na msingi wa hoja yako. Ukiwaambia watu kwamba kila kitu kinaamuliwa chini, unawakatisha tamaa wale ambao chini wamekuta rushwa, vitisho na mlango uliofungwa. Historia ya Marekani yenyewe inakupinga. Mwaka 1954 watoto weusi walikuwa wameshindwa karibu katika mahakama zote za chini, kwa kuwa hukumu ya mwaka 1896 ilikuwa imeruhusu ubaguzi. Ni majaji tisa wa juu, kwa sauti moja, waliosema kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Na Clarence Gideon je? Mfungwa maskini wa Florida, aliyeshtakiwa kuvunja ukumbi wa michezo ya bilyadi, alinyimwa wakili kwa sababu sheria ya jimbo ilitoa wakili wa bure kwa kesi za kifo tu. Aliandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani. Mahakama ya Juu ililichukua, na mwaka 1963 ikaamua kwamba kila mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na fedha apewe wakili. Barua moja ya mfungwa ilibadilisha nchi nzima. Kwa nini tusiwafundishe watu kuandika barua ya namna hiyo?

---

Mwanzilishi wa uzi, Lubumbashi

Mdogo wangu wa Bukavu, umeleta mifano miwili iliyo bora kuliko yote, na ninakubali kwamba bila mahakama ya juu hakuna hata mmoja ungefanikiwa. Watu wafundishwe kuandika, na tena wajue kwamba asiye na uwezo anaweza kuomba kusamehewa ada ya Mahakama ya Juu, ambayo ni dola 300. Sehemu kubwa ya maombi yanayofika kule ni ya watu wa namna hiyo, wengi wao wafungwa.

Lakini mfuate Gideon mpaka mwisho. Mahakama ya Juu haikumwachia huru. Ilifuta hukumu yake, kesi ikarudi Florida, na Agosti 1963 akahukumiwa upya katika mahakama ileile, mbele ya jaji yuleyule, ushahidi ukiwa kwa sehemu kubwa uleule. Safari hii alikuwa na wakili, aliyejua kumhoji shahidi mkuu wa upande wa mashtaka mpaka maneno yake yakapoteza uzito, na baraza la wananchi likamwona hana hatia. Washington ilimpa wakili. Uhuru wake aliupata katika chumba kidogo cha mahakama ya chini, kwa maswali yaliyoulizwa vizuri.

Na shule za mwaka 1954, hukumu ilikuwa mwanzo. Mwaka 1957, huko Little Rock katika jimbo la Arkansas, gavana alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shuleni, mpaka Rais Eisenhower akatuma wanajeshi wa taifa kuwasindikiza. Mahakama haina jeshi wala hazina ya fedha. Hukumu ya 1954 ilibidi itekelezwe na majaji wa wilaya za kusini, mmoja mmoja, mji kwa mji, wakitishwa na majirani zao wenyewe, na katika sehemu nyingi kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi. Majaji hao hawatajwi sana, nami nafikiri wanastahili heshima sawa na wale tisa.

Vilevile sisi Waafrika tuna kumbukumbu yetu kule. Sheria ileile ya 1789 iliyounda mahakama za chini za shirikisho ilikuwa na kifungu kinachomruhusu mgeni kudai fidia kwa uvunjaji wa sheria ya mataifa. Waogoni wa Nigeria walikitumia na wakashindwa mbele ya majaji tisa mwaka 2013, kwa kuwa matendo yalitokea nje ya Marekani. Wamali waliotumikishwa utotoni katika mashamba ya kakao ya Côte d'Ivoire walishindwa mwaka 2021, katika kesi dhidi ya Nestlé na Cargill, baada ya miaka 16 tangu waifungue. Mahakama ilisema kwamba maamuzi ya jumla ya kibiashara yaliyofanywa Marekani hayatoshi. Familia za Kolwezi zilichagua sheria nyingine kwa sababu mlango huu ulikuwa umekwisha kubanwa. Ndiyo maana nasema tusiwaambie mama zetu wasubiri juu.

---

Karani mstaafu, Kamalondo

Wapendwa, nilifanya kazi katika ofisi ya karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba niongeze jambo ambalo wanasheria husahau kulisema kwa sababu wao hulijua mno. Mahakama ya Kasasio ya Kinshasa, kama ile ya Marekani, haiulizi nani alimpiga nani. Inasoma hukumu na kumbukumbu za kikao, kisha inauliza kama sheria ilifuatwa. Kwa hiyo neno la shahidi ambalo karani hakuliandika kwenye karatasi ya kikao ni kana kwamba halikusemwa. Nimeona watu wakipanda ndege kwenda Kinshasa na hasira ya haki moyoni, wakiwa na avoka (wakili) mzuri, wakakuta kwamba jambo lao kubwa kuliko yote halimo katika faili. Hati ya kiwanja haikuwahi kuwasilishwa. Pingamizi lilisemwa kwa mdomo barazani na hakuna aliyeomba liandikwe.

Nawasihi vijana: kikao kikiendelea, avoka wako aombe kila jambo la maana liandikwe, na awasilishe hoja zake kwa maandishi. Ombeni nakala ya hukumu mapema na mhesabu muda wa rufaa tangu siku iliyowekwa na sheria, wala msingoje mpaka mtu awaambie.

---

Mwanafunzi wa sheria, UNILU

Asante sana, Mzee. Papa, nina la mwisho. Hapa kwetu mazungumzo ya shirikisho hayaishi, hasa tangu Katanga ilipogawanywa mikoa minne mwaka 2015. Wengi wanaamini kwamba tukiwa shirikisho tutakuwa na mahakama yetu ya juu hapa Lubumbashi, na Kinshasa haitaweza kuigusa. Je, ndivyo ilivyo Marekani?

---

Mwanzilishi wa uzi, Lubumbashi

Nusu ndivyo. Mahakama ya juu ya jimbo la Texas au la Ohio ndiyo yenye neno la mwisho juu ya sheria ya jimbo hilo, na Mahakama ya Juu ya Washington haina ruhusa ya kuisahihisha hapo. Lakini swali la katiba ya taifa au sheria ya taifa likiingia, Washington inaweza kuigeuza hukumu ya jimbo. Kesi ya Gideon ilitoka moja kwa moja katika mahakama za Florida. Mwaka 1819 Maryland ilitaka kuitoza kodi benki ya taifa, na majaji chini ya Jaji Mkuu John Marshall wakasema jimbo halina uwezo wa kukitoza kodi chombo cha taifa. Anayefuatilia tozo zinazolipwa na malori ya madini kati ya hapa na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ataona kwamba ugomvi wa namna ile hauko mbali nasi. Shirikisho halimwondoi mwamuzi wa juu, linamwongezea kazi. Na majimbo yao yakigombana yenyewe kwa yenyewe, hushtakiana moja kwa moja katika Mahakama ya Juu: Arizona na California zilipelekana huko mwaka 1952 kwa ajili ya maji ya mto Colorado, na uamuzi ukatoka mwaka 1963.

Si kila shirikisho liko hivyo, tena. Kanada ni shirikisho, lakini majaji wa mahakama za juu za mikoa huteuliwa na serikali ya taifa, na Mahakama ya Juu yao ya majaji tisa, ambao watatu lazima watoke Québec na wote hustaafu wakifika miaka 75, ina neno la mwisho hata juu ya sheria za mikoa.

Katiba yetu haijasema neno shirikisho, ila imeipa mikoa haki zake, na kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa na ikatwe palepale yanapokusanywa. Kila mtu mjini hapa analalamikia kifungu hicho. Kifungu cha 161 nacho kinaipa Mahakama ya Katiba kazi ya kuamua migongano ya uwezo kati ya taifa na mikoa. Kabla ya kudai mahakama mpya, ningependa kuona hii iliyopo ikipelekewa maswali yaliyoandikwa vizuri.

Na hapa ndipo nataka uangalie, wewe unayejiandaa kuvaa joho. Marekani mtu hawezi kwenda kwa majaji tisa na kusema tu kwamba sheria fulani inavunja katiba. Lazima aonyeshe jeraha lake mwenyewe, aanzie chini na asubiri kuchaguliwa. Kifungu chetu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote kuipelekea Mahakama ya Katiba malalamiko dhidi ya sheria au kanuni. Zaidi ya hayo, mtu aliye na kesi katika tribinali (mahakama) yoyote, hata ile ndogo ya amani iliyo chini kabisa, akiinua hoja kwamba sheria anayohukumiwa nayo ni kinyume cha katiba, hakimu analazimika kusimamisha uamuzi na kuipeleka hoja hiyo Kinshasa mara moja. Ukipata kesi yako ya kwanza, hoja hiyo iandike kwenye karatasi na uiwasilishe barazani, na kabla hujatoka hakikisha karani ameiingiza katika kumbukumbu za kikao.